Je, Wajua? Animal House na Ngazi ya Dirishani

Je, wajua kwamba Animal House, filamu ya Marekani ya mwaka 1978, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3 na ikaingiza zaidi ya milioni 140? Mimi nimeitazama kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikairudia usiku uleule. Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Mara ya pili niliisimamisha pale penye ngazi.

Je, wajua kwamba hata siku ilipotoka ilikuwa hadithi ya kale? Imewekwa mwaka 1962, katika chuo cha kubuni kiitwacho Faber. Chris Miller, aliyechota kisa kutoka maisha yake ya chuo cha Dartmouth, aliiandika pamoja na Harold Ramis na Douglas Kenney.

Je, wajua kwamba picha zilipigwa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene? Rais wa chuo hicho wakati huo aliwahi, akiwa chuo kingine, kuwa upande wa walioikatalia filamu ya The Graduate kupigwa picha chuoni kwao. Safari hii akakubali, na ofisi yake mwenyewe ikawa ofisi ya Dean Wormer, adui mkubwa wa wanafunzi ambao filamu inawafuata.

Je, wajua kwamba Donald Sutherland, nyota mkubwa kuliko wote humo, alichagua malipo ya mkupuo badala ya asilimia ya mapato? Alikuja kukiri kwamba alipoteza mamilioni. Kevin Bacon, naye, ndiyo kwanza alikuwa anaanza sinema.

Muziki ndio ulionishangaza. Mwongozaji John Landis alimwomba Elmer Bernstein, mtunzi wa muziki wa The Ten Commandments, aandike kana kwamba filamu ni ya mambo mazito na heshima. Vijana wamejifunga mashuka, wamelewa chakari, na nyuma yao vyombo vinalia kwa taadhima. Ni ufundi ambao miaka haijaugusa.

Sasa ngazi. Usiku, Bluto, anayeigizwa na John Belushi, anaegemeza ngazi kwenye bweni la wasichana na kupanda kuchungulia. Ndani wanavua nguo. Ghafla anageuka, anakutazama wewe uliyekaa kwenye kochi, anapandisha nyusi. Hasemi kitu. Kwa nyusi tu amekufanya mshirika wake. Belushi alikuwa na kipaji cha ajabu, nami nakiheshimu. Lakini kamera imepanda ngazi pamoja naye, na upande wa pili wa kioo hakuna aliyeulizwa. Kisha ngazi inaanguka naye, na kicheko kinafunika yote.

Je, wajua kwamba binti wa meya humo anamwambia kijana aliye naye kuwa ana miaka 13? Filamu inalipitisha kama utani. Sikucheka, wala sitaki kuzoea kucheka hapo.

Je, wajua kwamba mkuu wa studio alitaka kukata tukio la baa ya watu weusi, ambamo vijana wazungu wanaingia na kushikwa na woga? Landis amesimulia kwamba lilibaki baada ya Richard Pryor kuitazama filamu na kuiunga mkono. Wanaochekwa ni wazungu kwa hofu yao, hilo ni kweli, ila wenye baa hawakupewa mengi ya kusema.

Je, wajua kwamba mwigizaji Molly Ringwald, naye, aliitazama upya filamu ya The Breakfast Club, aliyoigiza ujanani, akiwa na bintiye wa miaka 10? Mwaka 2018 aliandika insha katika jarida la The New Yorker kuhusu yaliyomchoma. Aliweza kuipenda kazi ile na kuihoji kwa pamoja.

Je, wajua kwamba Kenney alifariki mwaka 1980 na Belushi mwaka 1982, kila mmoja akiwa na miaka 33? Na kwamba mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Animal House katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa?

Na je, wajua inavyoisha? Mmoja wa wasichana wale wa dirishani anaitwa Mandy. Katika dakika za mwisho Bluto anaondoka naye garini, na maandishi yanatokea: Seneta Blutarsky na mkewe. Jina la Mandy halimo. Nilirudisha nyuma, nikamtazama yeye peke yake.