Mtandao wa Kasi Chuoni (Sehemu ya Pili): Mkongo Umefika Getini, Kasi Inapotelea Wapi?

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi mikongo ya baharini ilivyofika pwani ya Afrika Mashariki: SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Burundi haina bahari, na kwa miaka mingi ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, swali na jibu lake hupoteza karibu nusu sekunde njiani. Baadaye Burundi Backbone System ilitandaza mkongo hadi mikoani kwa msaada wa Benki ya Dunia. Vyuo navyo vina BERNET, mtandao wao wa elimu na utafiti, ulio mwanachama wa UbuntuNet, umoja ulioanzishwa mwaka 2005 na wenye makao yake Lilongwe.

Njia ya nje ipo. Tatizo kubwa sasa liko ndani ya ua wa chuo.

Mfano mzuri uko kaskazini mwa Bujumbura. Huko Kamenge kuna kampasi ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Burundi na hospitali yake ya kufundishia. Tuseme mwalimu wa huko anataka kuonyesha picha za CT darasani. Kipande kimoja cha picha ya CT huwa na nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, yaani karibu nusu megabaiti. Mgonjwa mmoja akipigwa vipande 400, faili lake linafikia megabaiti 200. Kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde, mwalimu atalisubiri zaidi ya dakika 13 huku darasa zima likimtazama. Kwenye gigabiti 1, sekunde mbili hazifiki.

Lakini gigabiti hiyo ikikutana na swichi ya kizamani ya megabiti 100, faida yake inaishia hapo. Wanafunzi 200 wakipitia waya mmoja unaotoka kwenye swichi hiyo, kila mmoja anabaki na nusu megabiti, na mhadhara wa video utakatika kila mara. Waya wa shaba nao una kikomo cha mita 100. Jengo likiwa mbali zaidi, mafundi huunganisha swichi kwa swichi, na ya kwanza ikikosa umeme, zote zilizo nyuma yake hukatika. Dawa ni mkongo kati ya jengo na jengo, uzungushwe kampasi nzima ili ukikatwa na jembe upande mmoja, data ipite upande wa pili, na kila swichi iwe na betri yake.

Watafiti wana shida ya ziada. Mitambo ya ulinzi wa mtandao hukagua kila pakiti ya data, kama askari wa getini anayepekua kila kikapu. Hilo linafaa kwa barua pepe za ofisi, lakini huchelewesha faili la gigabaiti 100. Ndiyo maana ESnet, mtandao wa watafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ulibuni mpango wa kuzipa data za kisayansi njia yake maalumu, yenye ulinzi wake.

ESnet hiyohiyo iliwahi kukuta kadi mbovu ya ruta ikidondosha pakiti moja katika kila 22,000. Ruta yenyewe haikutoa onyo lolote. Safari fupi hazikuathirika sana. Za mbali zilidorora, kwa sababu kompyuta hupunguza mwendo kila pakiti inapopotea, na umbali ukiwa mkubwa huchukua muda mrefu kuurudisha. Mtafiti wa Bujumbura anayetuma data Ulaya ndiye anayeumia zaidi.

Kasoro hiyo iligunduliwa kwa kupima mtandao mfululizo. Programu ya perfSONAR inayofanya kazi hiyo ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuiendesha. Chuo kinachotaka kuboresha mtandao wake kianze hapo: kipime kila jengo, kijue kasi inapotelea wapi, kisha ndipo kiagize vifaa.

Sehemu ya tatu itaeleza eduroam, huduma inayomwezesha mwanafunzi kuingia kwenye mtandao wa chuo kingine kwa nywila ya chuo chake.