Kweli au Si Kweli: Figo za Visiwa vya Tiwi

"Asiyeumwa hana haja ya kupimwa figo."
Si kweli, na dhana hii naiogopa kuliko zote. Figo huweza kupoteza hadi asilimia 90 ya uwezo wake kabla mwenyewe hajahisi lolote. Kuvimba miguu na kichefuchefu huja mwishoni. Ndiyo maana nchini Australia Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait hushauriwa kupimwa kila mwaka tangu wakiwa na miaka 18: presha, damu ya kuangalia kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na mkojo wa kuangalia albumini, protini ambayo figo nzima haiiachi ipite.

"Kijijini hakuna maabara, haiwezekani."
Si kweli. Mtu anapewa kikopo, anarudi na mkojo kidogo. Muuguzi anachukua tone, analiingiza kwenye mashine ndogo ya mezani, na baada ya dakika kama saba jibu limetoka, mwenyewe bado yuko kitini. Sampuli ikisubiri ndege ya kwenda mjini, jibu likirudi huenda mhusika keshaondoka, yuko msibani kijiji cha mbali. Huko Manitoba, Kanada, wapimaji walikwenda kwenye jamii 11 za wenyeji asilia wakatoa majibu papo hapo. Kati ya kila watu wazima wanne, mmoja alikutwa na ugonjwa sugu wa figo.

"Protini ikionekana mara moja, figo zimekwisha."
Si kweli. Homa au maambukizi ya mkojo yanatosha kuileta. Kipimo hurudiwa, na ugonjwa huitwa sugu ukidumu miezi mitatu.

"Waaborijini wamejitakia wenyewe, kwa pombe na sukari."
Hili linaniuma. Kisukari kimo, presha imo. Lakini Profesa Wendy Hoy na wenzake, waliofanya kazi Visiwa vya Tiwi, kaskazini mwa Darwin, tangu miaka ya 1990, walionyesha kwamba hadithi huanza tumboni mwa mama. Mtoto anayezaliwa na uzito mdogo huja duniani na vichujio vichache kwenye figo, na havikui vipya baadaye. Kisha nyumba moja inalaza watu wengi, maji ya kuogea ni ya shida, upele unaambukizana, vidonda vinaingiwa na bakteria wa streptokoka, na figo za mtoto zinajeruhiwa. Mtoto huyo kajitakia nini?

"Hata wakigunduliwa, mwisho ni mashine ya kusafisha damu."
Si kweli. Mwaka 1995 huko Tiwi, Hoy na wenzake walianza kuwapa waliogunduliwa dawa ya presha, perindopril, na kuwafuatilia kwa karibu. Vifo vya maradhi miongoni mwao vilipungua takribani nusu. Baadaye ufuatiliaji ulipolegea, vifo vikapanda tena. Vikopo vya mkojo pekee havikumwokoa mtu.

"Waaborijini hawajali afya zao."
Si kweli hata kidogo. Wagonjwa wa Kintore, kijiji cha Waaborijini jangwani katikati ya Australia, walilazimika kuhamia mji wa Alice Springs, umbali wa zaidi ya kilomita 500, wasafishwe damu mara tatu kwa wiki, mbali na wajukuu na ardhi yao. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na wa kijiji jirani cha Kiwirrkura walichora picha, zikapigwa mnada Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni moja za Australia. Kwa fedha hizo, mwaka 2004 wagonjwa wakaanza kusafishwa damu Kintore kwenyewe.