Ametoka Jela: Utampa Kazi au Utampa Kisogo?

Hebu jiulize, msomaji. Umefungua saluni yako, mambo yanaenda, unatafuta msaidizi. Anakuja binti ana mikono ya dhahabu, anasuka mpaka wateja wanaulizana huyu katoka wapi. Wiki ya pili shoga yako anakunong'oneza: "Mwenzangu, unajua huyo alishawahi kunyea debe?" Utamwita mkae chini muongee, au kesho yake atakuta kufuli jipya?

Wengi wetu, tuseme ukweli, tunakimbilia kufuli. Hatuulizi alifungwa kwa kosa gani, lini, wala kwa muda gani. Neno "jela" likishatajwa, basi, kesi imekwisha. Na mtu aliyemaliza adhabu ya hakimu anaanza kutumikia nyingine ya mtaani, ambayo haina tarehe ya kutoka.

WANATOKA, WANAENDA WAPI?

Tarehe 9 Desemba 2019, sikukuu ya Uhuru, Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, sikukuu ya Muungano, Rais Samia naye akasamehe 5,001. Wengine wakatoka, wengine wakapunguziwa kifungo. Hao ni wa siku mbili tu. Kila mwezi kuna wanaomaliza vifungo vyao kimya kimya, bila kamera wala vigelegele.

Na si wote waliokaa bure huko ndani. Gereza la Karanga, Moshi, lina kiwanda cha viatu. Ukonga wanatengeneza samani. Gereza la Ruanda, Mbeya, lina chuo cha ufundi. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka na fani mkononi kuliko kijana aliyeshinda kijiweni miaka yote hiyo. Tatizo linaanza akienda kuomba kazi.

Hata kazi ya ulinzi getini tu, utaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa, lete wadhamini wawili, nenda polisi ukapigwe alama za vidole. Mdhamini gani atakubali kuweka jina lake hapo? Ndugu wenyewe wanamkwepa. Anaishia kubeba zege kwa siku, au kurudi kwa washkaji wale wale waliomponza mwanzo. Halafu sisi tunasema, "Si unaona? Mwizi ni mwizi tu."

Kuna na kundi lingine linalosahaulika: waliokaa mahabusu Keko au Segerea, kesi ikafutwa au wakashinda. Hawa hawakutiwa hatiani hata siku moja, na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa. Lakini mtaani hakuna tofauti. "Alikuwa ndani," basi.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua, na inamlinda hata mtu ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi. Inataja rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na mengine. Isome yote ukitaka. Mtu aliyewahi kufungwa hakutajwa. Wakenya nao, Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 ina orodha inayofanana na hiyo, na humo pia hayumo.

Ila majirani zetu hao walipiga hatua moja. Mwaka 2022 waliirekebisha sheria yao: mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti kama kile cha tabia njema cha polisi mpaka awe ameshaamua kuingia naye mkataba. Maana yake ni kwamba kwanza unamwona mtu na uwezo wake, ndipo unauliza habari za nyuma. Mwajiri bado ana haki ya kukataa, lakini anakuwa anamkataa mtu anayemjua.

Uingereza wanayo sheria ya tangu 1974 inayofanya hukumu nyingi "zizeeke". Kwa mabadiliko yaliyoanza Oktoba 2023, mtu mzima aliyefungwa mwaka mmoja au chini yake, akimaliza adhabu na kukaa mwaka mmoja bila kosa jipya, kwa kazi nyingi halazimiki tena kuitaja. Kazi kama za kulea watoto zina masharti yake makali zaidi. Huko huko kuna kampuni ya kushona viatu na kuchonga funguo, Timpson, ambayo karibu mfanyakazi mmoja kati ya kumi ametoka gerezani. Ndiyo, wanachonga funguo za nyumba za watu! Bosi wake, James Timpson, mwaka 2024 alipewa uwaziri wa magereza.

Na ubaguzi huu si hisia tu, umepimwa. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Devah Pager, alitoa matokeo ya utafiti alioufanya mjini Milwaukee. Alituma vijana kuomba kazi wakiwa na sifa zinazofanana, tofauti ikiwa rekodi ya jela tu. Wazungu wasio na rekodi waliitwa asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa 14, wenye rekodi 5. Umeona hapo? Rekodi inakata nafasi kwa nusu au zaidi, na aliyekuwa chini tangu mwanzo ndiye anayeumia zaidi.

NYUMBANI NAKO KUNAWAKA MOTO

Mwanaume aliyetoka jela bila kazi anarudi kwenye nyumba ambayo mkewe ameibeba peke yake. Anaomba hela ya vocha, anaomba nauli. Heshima inapungua, maneno yanaanza. Mwanamke aliyefungwa naye anaweza kukuta mume ameoa, na wifi anamwambia watoto wasimzoee. Ndoa nyingi zilizovumilia kifungo zinavunjikia hapa, kwenye miezi ya kutafuta kazi.

Dada, kaka, kama mwenzi wako ametoka, usimpige madongo ya "ulikokuwa" kila mkikorofishana. Mpe jukumu hata dogo, mtafutie mtu mmoja anayeheshimika wa kumdhamini. Na wewe uliyetoka, mchumba usimfiche. Akisikia kwa watu ndipo penzi linapokufa.

KAMA WEWE NDIYE BOSI

* Uliza mambo matatu: kosa gani, lini, na linahusianaje na kazi hii. Aliyeiba fedha za ofisi jana usimpe kaunta leo. Lakini aliyefungwa kwa kupigana akiwa na miaka 19, sasa ana 35, fenicha atashindwa kuzipiga randa kwa nini?
* Aliyedhuru watoto asiwekwe karibu na watoto. Hapo hakuna mjadala.
* Anza na muda wa majaribio, kama unavyofanya kwa mwingine yeyote.
* Siri yake iwe siri. Si habari ya kupiga soga na wafanyakazi wengine.

KAMA WEWE NDIYE ULIYETOKA

* Ukiulizwa, sema ukweli kwa kifupi: nilikosa, nilitumikia, nilijifunza fani hii. Usimwage machozi wala usilaumu dunia nzima. Ukidanganya ukagundulika, utafukuzwa kwa uongo, na hapo huna wa kumlaumu.
* Kama ulijifunza ufundi ndani, nenda na kazi ya mikono yako waione.
* Tafuta mdhamini mapema: mwenyekiti wa mtaa, sheikh, mchungaji, au fundi aliyekupa kibarua.

Hatusemi ufunge macho, msomaji. Tunasema yafungue vizuri. Mtu akija kwako na barua yake mkononi, msikilize mpaka mwisho kabla hujasema hapana. Anayekula jasho lake hana haja ya kuruka ukuta wako usiku.