MountainBikes

MountainBikes ilikuwa kampuni ndogo ya baiskeli iliyoanzishwa mwaka 1979 na Gary Fisher na Charlie Kelly huko Marin County, jimbo la California, nchini Marekani. Huhesabiwa kuwa kampuni ya kwanza kushughulika na baiskeli za mlimani peke yake. Ilidumu kwa jina hilo miaka minne tu, lakini jina lenyewe lilienea duniani kote. Hata "baiskeli ya mlimani" ya Kiswahili ni tafsiri yake.

Asili

Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, kaskazini mwa jiji la San Francisco, walikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa mikweche mizito isiyo na gia, ila matairi yake manene yalistahimili njia za vumbi na mawe. Walizipandisha mlimani kwa kuzisukuma au kwa gari, kisha wakateremka kwa kasi.

Tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanyika mashindano ya kwanza kwenye mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax. Njia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 3.4 na kushuka mita 400 hivi. Baiskeli hizo zilikuwa na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kufika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, na ilibidi kukifungua na kukijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Ndiyo maana mteremko uliitwa Repack, neno la Kiingereza lenye maana ya "jaza upya".

Fisher alifunga gia na breki za mkono kwenye baiskeli yake ya zamani. Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana, kwani sasa mtu aliweza kupanda mlima akiwa juu ya baiskeli yake. Lakini fremu za zamani zilivunjika mara kwa mara. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, ya kwanza ikiwa imeagizwa na Kelly. Baadaye fundi mwingine, Tom Ritchey, alimtengenezea Fisher.

Kuanzishwa

Ritchey aliunda fremu zaidi ya zile alizoagizwa, akamwomba Fisher amtafutie wanunuzi huko Marin. Fisher na Kelly wakachanga dola mia chache, wakafungua akaunti ya benki kwa jina la MountainBikes na kupanga gereji katika mji wa San Anselmo. Ritchey aliunda fremu, wao wakakamilisha baiskeli na kuziuza.

Vipuri vya baiskeli ya namna hiyo havikuwa vikitengenezwa na yeyote, hivyo vilikusanywa huku na huku: breki za Mafac kutoka Ufaransa, vishikio vya breki vya pikipiki vya Magura kutoka Ujerumani, gia kutoka Japani. Baiskeli moja iliuzwa takriban dola 1,300, bei kubwa sana kwa wakati ule.

Jina na ushindani

Waanzilishi walijaribu kusajili jina hilo kama alama ya biashara, lakini hawakufanikiwa. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote aliweza kuita bidhaa yake kwa jina lao bila kuwalipa chochote.

Pigo la pili lilikuwa la bei. Mike Sinyard, mwenye kampuni ya Specialized, alinunua baiskeli za Ritchey na kuzichunguza. Mwaka 1981 Specialized ilitoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi na kuuzwa kama dola 750. Gereji ya San Anselmo haikuweza kushindana na bei hiyo, wala kusubiri fremu za fundi mmoja.

Ushirikiano ulivunjika mwaka 1983. Kelly aliondoka, akaendelea na jarida lake la Fat Tire Flyer hadi mwaka 1987. Ritchey aliendelea kwa jina lake mwenyewe. Fisher alibaki na biashara na kuiita Fisher MountainBikes, akaiuza mwaka 1991 kwa kampuni ya Taiwan. Mwaka 1993 ilinunuliwa na Trek ya Marekani, ambayo iliendelea kutumia jina la Gary Fisher kwenye baiskeli zake kwa miaka mingi.