Mlango Usiopigiliwa Misumari: Kumuuguza Aliyeumia Kichwa na Mgongo (Sehemu ya Pili na ya Mwisho)

Wiki iliyopita tulimwacha kijana wetu aliyeanguka, chini ya mwembe, Lumemo, kalala chali, miguu haimsikii. Nilieleza kwamba wale vijana wawili waliotaka kumpakia mshikaki kwenye bodaboda walikuwa wanakaribia kummaliza kwa huruma, na jinsi mzee mmoja alivyong'oa mlango wa jiko lake wakamlaza juu yake, kichwa kikishikwa katikati ya viganja viwili mpaka mapokezi ya hospitali. Leo tuingie naye wodini.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kwetu "uti wa mgongo" ni mifupa ya mgongo, tena ni ile homa inayokakamaza shingo. Na ukiandika UTI kwa herufi kubwa, hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ndugu wa mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza kama haya yote ni kwa sababu kijana alikosa chanjo ya uti. Swali halikuwa la kijinga, lugha ndiyo iliyomponza. Kwa hiyo humu mifupa nitaiita pingili, na ile kamba laini ya fahamu inayopita katikati yake nitaiita ugwe. Pingili ikivunjika huunga. Ugwe ukikatika hauungi. Ila kuna hali ya katikati: ugwe uliochubuka au kuvimba, ambao ukitunzwa waweza kurudisha uhai wa vidole, na ukisukumwa ovyo na kipande cha mfupa ukafa kabisa. Siku ya kwanza hakuna anayejua yupi ni yupi, ndiyo maana wote tunawashika kama yai.

Hapo ndipo linapokuja gogo, yaani kumgeuza mgonjwa kama gogo moja. Mgonjwa wa aina hii hageuzwi na mtu mmoja anayemvuta bega huku kiuno kikibaki nyuma. Wanasimama wanne. Mmoja yuko kichwani, na huyo ndiye mwenye amri, hata kama aliyeshika nyonga ni daktari bingwa. Watatu hupanga mikono yao ubavuni, mikono ikipishana: bega, nyonga, miguu. Anahesabu hadi tatu, mwili unageuka mzima mzima, pua na kitovu vikitazama upande mmoja. Kwa wanafunzi wangu wa uuguzi nilikuwa naanza na gogo la kweli la mnazi. Wanacheka, kisha linawaponyoka, kicheko kinakwisha.

Kijana wetu pia alikuwa amegonga kichwa, kama wengi waangukao kutoka juu. Basi kazi ya usiku wa kwanza ni mbili. Ya kichwa hufanywa kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett: macho alama 4, maneno 5, viungo 6. Mzima ana 15, na hata maiti haikosi 3. Kuanzia 8 kushuka ni kupoteza fahamu, na wa namna hiyo hawezi kuilinda njia yake ya hewa mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji umeme. Lakini namba moja peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni mwendo wake. Aliyekuwa 13 saa nne usiku na sasa ni 11 huyo anaitiwa daktari mara moja, hata kama anaonekana "amelala vizuri". Kukoroma kwa mgonjwa wa kichwa si usingizi mnono, ni ulimi unaoziba koo. Mboni moja ikipanuka na kukataa mwanga wa tochi, au mapigo ya moyo yakipungua huku presha ikipanda, ubongo unabanwa ndani ya fuvu na dakika zinahesabika.

Kwenye ile alama ya maneno nina neno langu. Kipimo kinauliza kama mgonjwa anajibu sawasawa au anachanganya. Nesi mgeni aliyetoka Kagera anaweza kuandika "maneno hayaeleweki", kumbe mzee anaomba maji kwa Kipogoro safi kabisa. Mwite ndugu asikilize kabla hujampunguzia mtu alama. Na hao ndugu wana kipimo chao. Bibi mmoja kutoka Lupiro alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimeamkiwa shikamoo maisha yake yote na huyu mjukuu, leo nimemwamkia mimi kwa mzaha na yeye kaitikia marahaba. Hayupo huyu." Tulipima tena. Alikuwa ameshuka alama 2.

Maji meupe yakitoka puani au sikioni baada ya kugonga kichwa, usizibe kwa pamba wala usimwambie apenge. Ni maji ya ubongo, yaache yachuruzike kwenye kitambaa safi. Na mpira wa kulishia usipitishwe puani. Hayo ni mafupi lakini yameua.

Sasa turudi mgongoni, maana huko ndiko kuna safari ndefu. Tabibu wa Misri ya kale, katika maandishi ambayo Edwin Smith aliyanunua Luxor mwaka 1862, alimwelezea mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyehisi mikono wala miguu, na kushauri kwamba huyo asitibiwe. Dunia ilikaa na shauri hilo kwa maelfu ya miaka. Hata katika vita vya kwanza vya dunia wengi wa waliovunjika mgongo walikufa, na hawakuuawa na mgongo. Waliuawa na vidonda vya kulalia na mkojo uliooza. Aliyebadili mambo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyewakimbia Manazi. Februari 1944 alifungua wodi Stoke Mandeville, Uingereza, na silaha yake kubwa ilikuwa kumgeuza kila mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kulinda kibofu. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana pale kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki chimbuko lake ni pale.

Saa mbili. Chali, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Mto katikati ya magoti, visigino vikielea hewani. Kila ukimgeuza, tazama pale alipokuwa amelalia: mkiani, nyonga, visigino, na kisogoni kwa aliyevaa kola ya shingo. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyingine. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani. Tafuta weusi uliozidi, weka mgongo wa kiganja usikie joto, bonyeza usikie ugumu au ulaini usio wa kawaida. Ukisubiri wekundu utakutana na shimo.

Kibofu nacho. Mgonjwa hahisi kujaa, kwa hiyo mpira wa mkojo ukijikunja chini ya paja hatasema. Na hapa bonde letu la Kilombero lina mtego wake. Aliyeumia ugwe kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa, mwili hushtuka bila yeye kujua: kichwa kinampasuka, jasho linamtoka usoni, presha inaruka juu kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Kichwa na jasho, Kilombero? Kila mtu atakwambia malaria. Tunaishi mahali ambapo Waswisi walifungua maabara ya utafiti mwaka 1957, iliyozaa taasisi ya afya ya Ifakara inayojulikana dunia nzima kwa mbu. Mimi mwenyewe nimemkuta mgonjwa, kwenye kituo ambacho sitakitaja, katundikiwa dripu ya malaria, na dripu ikizidi kukijaza kibofu kilichozibwa. Tulimketisha, tukalegeza nguo, tukaunyoosha mpira. Mkojo ukashuka, na kabla mfuko haujafika nusu alikuwa anaomba chai. Mpime malaria, ndiyo. Lakini kwanza fuata mpira kwa vidole toka mwilini hadi kwenye mfuko.

Wanaohitaji upasuaji husafirishwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 400 kutoka hapa. Angalau wa Ulanga na Malinyi hawasubiri tena pantoni. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa 2018.

Kijana wetu hakupata miguu yake. Alirudi Lumemo mwezi wa pili, na wiki mbili baadaye nilikwenda kumtembelea. Mama yake alikuwa amegeuza kalenda ya ukutani, nyuma akachora mistari kwa mkaa: saa 12 chali, saa 2 kulia, saa 4 chali, saa 6 kushoto, mpaka alfajiri. Usiku wanapokezana na mdogo wake wa darasa la sita. Nilimwinua kijana shati nikatazama mkiani. Ngozi kavu, laini, kama ya mtoto.

"Mwalimu, hilo la ngozi nimeliweza," mama akaniambia. "Mimi naogopa mto."

Mto Lumemo masika huingia ndani ya nyumba bila hodi, na mwenye miguu hukimbia. Nikamuuliza amejipangaje. Akanionyesha mlango wa chumba. Fundi alikuwa ametaka kupigilia bawaba kwa misumari, akamkatalia. Zimewekwa pini zinazochomoka kwa mkono. Majirani wanne wameshagawana pembe. Yule mzee wa mlango wa jiko ndiye atakayeshika kichwa.