Anayeonja Haendeshi

"Mkuu, hesabu tumeshafanya. Basi dogo na dereva wake linatubana. Tutakodi gari wenyewe, shemeji ataendesha. Akila vizuri asubuhi na kunywa maziwa kwanza, si anaweza kuonja kidogo kidogo na bado akaturudisha salama?"

Hapana. Kila kikundi ninachokipangia safari ya mashamba ya mvinyo ya Cape, Afrika Kusini, na pwani iliyo jirani, hunifikishia swali hili mwishoni, mambo mengine yote yakiwa yamekwisha. Leo ni shemeji na maziwa, kesho ni mjomba na supu ya mbuzi. Nitalijibu kwa urefu mara hii ili nisilijibu tena. Kikundi kinaweza kukosea hoteli, kikakosea msimu, hata kikachagua shamba baya, na bado kikarudi kikicheka. Kikikosea dereva, kuna watu watakaobaki kituo cha polisi cha Stellenbosch, na hao ndio wenye bahati.

Tuanze na hicho "kidogo" chenyewe. Kuonja katika shamba moja kwa kawaida ni mvinyo wa aina tano au sita. Kila aina humiminwa kiasi cha mililita 25 hadi 50, kutegemea mkono wa anayemimina na uchangamfu wa wageni. Chukua makadirio ya huruma: aina tano, mililita 30 kila moja. Hizo ni mililita 150. Mvinyo mwekundu wa Cape hufika asilimia 14 ya kilevi bila shida, kwa sababu jua la kule huzijaza zabibu sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Kwa hiyo shemeji amekunywa mililita 21 za kilevi kitupu, karibu gramu 17. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.5 ina mililita 22 na ushei. Maana yake ni kwamba kila shamba ni chupa moja kubwa ya bia. Mmepanga mashamba mangapi? Manne? Basi hamjapanga kuonja. Mmepanga kunywa kreti mkiwa mmeshika glasi zenye shingo ndefu.

Sasa sheria. Afrika Kusini dereva wa kawaida haruhusiwi kufikisha gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu, au miligramu 0.24 katika lita moja ya pumzi. Dereva wa kazi, yule mwenye kibali cha kubeba abiria, mpaka wake ni gramu 0.02 kwa damu na miligramu 0.10 kwa pumzi. Mwanamume wa kilo 70 akimaliza shamba la kwanza anakaribia 0.035. Mwanamke wa kilo 60 anaweza kugusa 0.05 hapo hapo, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukisambazia kilevi kile kile. Shamba la pili likimalizika ndani ya saa mbili, mwanamke huyo ameshavuka mpaka na bado anazungumza kwa ufasaha kabisa. Hapo ndipo watu hujidanganya: wanapima ulevi kwa ulimi, ilhali polisi wanapima kwa mashine.

Twende kwenye dawa za mtaani, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Maziwa, imani ya watu wengi, eti hupaka tumbo utando kilevi kisipite. Hakuna utando. Maziwa ni chakula, na chakula chochote hufanya kazi moja: huchelewesha tumbo kumwaga vilivyomo kwenye utumbo mwembamba, ambako sehemu kubwa ya kilevi huingilia kwenye damu. Ni kweli kwamba aliyekula hupanda taratibu, na kilele chake huwa chini kuliko cha aliyekunywa na njaa. Ndiyo maana nasema kuleni. Lakini kuchelewa si kufutwa. Kilele cha aliyeshiba huja baadaye, na mara nyingi huja wakati ule ule wa kuagana na mwenye shamba na kutafuta funguo za gari. Nyama choma, chapati, parachichi, mafuta ya zeituni: hesabu ni hiyo hiyo. Hakuna chakula kinachompa mtu leseni ya kuendesha.

Kahawa chungu humwamsha mlevi, haimlevushi. Kafeini huzuia ishara za uchovu kwenye ubongo na haina habari na kilevi kilicho kwenye damu. Mtakachopata ni mlevi aliye macho na anayejiamini, na kwa dereva kujiamini huko ni hatari kuliko usingizi, kwa sababu mwenye usingizi angalau hukubali kupokewa usukani.

Maji na madafu huondoa kiu na kupunguza kichwa cha asubuhi. Hayasafishi damu. Zaidi ya asilimia 90 ya kilevi huvunjwa mwilini, hasa kwenye ini, na kinachotoka kwa mkojo, jasho na pumzi ni mabaki tu. Kwa hiyo kwenda haja mara kumi ni mazoezi ya miguu, na kuoga maji baridi humwacha mlevi akiwa amelowa. Mkaa wa duka la dawa hunasa sumu kadhaa tumboni, lakini pombe haimo miongoni mwa zile unazozinasa vizuri. Ndimu, tangawizi, asali na yai bichi vyote vinafaa jikoni.

Peremende na kitunguu kwa ajili ya kipimo cha pumzi? Kipimo hakinusi harufu ya kinywa. Kinasoma kilevi katika hewa ya ndani ya mapafu, ambayo hubadilishana na damu kila unapopumua. Ukisukutua kwa dawa ya kinywa yenye kilevi, kwa dakika chache unaweza hata kujipandishia namba.

Kutema? Hilo angalau lina akili. Waonjaji wa kazi hutema, na kila meza ina ndoo yake. Lakini sisi tumelelewa kwamba kutema mbele ya watu ni utovu wa adabu. Nawaona wageni wangu: glasi ya kwanza wanatema kwa aibu, ya pili wanatema nusu, ya tatu ndoo imeshasogezwa upande wa pili wa meza. Isitoshe, hata anayetema vizuri humeza kiasi. Kwa dereva wa kazi mwenye mpaka wa 0.02, kiasi hicho si cha kuchezea.

Linabaki lile la "mimi nimezoea". Mazoea huficha dalili. Damu ya aliyezoea ikipimwa, namba haipungui kwa heshima ya uzoefu wake.

Sababu ya dawa zote hizi kushindwa ni moja, na ukiielewa hutaniuliza tena. Ini huvunja kilevi kwa vimeng'enya ambavyo hujaa kazi mapema sana. Vikishajaa, kasi haiongezeki hata ukinywa mara tatu. Ini ni karani mmoja kwenye dirisha moja: foleni ikirefuka, yeye hapigi mihuri kwa haraka zaidi, na ukimpelekea chai bado ana mkono mmoja. Kwa wastani kila mililita 100 za damu hupungukiwa gramu 0.015 kwa saa, ukilala au ukicheza muziki. Muda peke yake ndio unaolevusha.

Na hapa ndipo pwani inapoingia, sehemu ambayo karibu kila kamati huisahau. Ratiba niletewayo ni hii: Jumamosi mashamba, usiku nyama na brandi, Jumapili saa moja asubuhi safari ya Hermanus kutazama nyangumi. Piga hesabu. Mtu anayepanda kitandani saa sita usiku akiwa na 0.18, jambo la kawaida baada ya siku ya namna hiyo, hashuki chini ya 0.05 hadi karibu saa tatu asubuhi. Saa moja, alipokabidhiwa funguo, bado alikuwa juu ya mpaka wa sheria, ingawa ameoga, amepiga mswaki na anauita uchovu wake mning'inio. Mbele yake ipo barabara ya R44 kati ya Gordon's Bay na Rooi-Els, iitwayo Clarence Drive: kilomita takriban 20 za kona mfululizo, mlima upande mmoja na maji ya False Bay upande wa pili. Kule huendeshwa kushoto kama kwetu, kwa hiyo wakati wa kurudi gari lenu ndilo linalopita ukingoni mwa bahari. Kukitokea ajali, msitegemee bima ya gari la kukodi. Mikataba hiyo kwa kawaida humwacha peke yake dereva aliyezidisha kilevi.

Neno moja kuhusu yule ndugu asiyekunywa. Kila kikundi kinaye, awe Muislamu, Msabato au mtu tu asiyependa pombe, na kila kikundi humfanya dereva wa siku zote bila kumuuliza. Amelipa mchango sawa na wenu. Kama atakubali, mlipieni malazi, mpangieni mashamba yenye juisi nzuri ya zabibu na chakula anachoweza kula, na mgawane naye siku. Mkiwa naye kati ya Stellenbosch na pwani, piteni Macassar, kwenye ziara ya Sheikh Yusuf, mwanachuoni ambaye Waholanzi walimhamishia Cape mwaka 1694 na akafia huko mwaka 1699. Asije akarudi nyumbani akiwa ameona maegesho ya magari tu.

Sasa njia zilizopo, upesi.

Kwanza, basi dogo na dereva wake. Gawanyeni gharama kwa vichwa kabla ya kulalamika, maana kwa watu kumi tofauti mara nyingi ni chakula cha jioni kimoja. Dereva anakula nanyi, haonji.

Pili, Franschhoek bila gari. Mji huo, ulio kwenye bonde ambako Wahugenoti wa Ufaransa walikaribishwa kuanzia 1688, una tramu na mabasi yake yanayozunguka mashamba kwa njia maalumu. Laleni mjini, pandeni asubuhi, na ulizeni saa ya chombo cha mwisho kabla ya kufungua chupa ya kwanza.

Tatu, Hermanus peke yake. Bonde la Hemel-en-Aarde liko nyuma tu ya mji, na huko hulimwa zaidi Pinot Noir na Chardonnay kwa sababu upepo wa bahari hupoza mizabibu. Mvinyo na bahari viko dakika chache kwa gari, na teksi ya pale pale inatosha. Kwa kikundi chenye siku tatu, hili ndilo pendekezo langu.

Nne, Constantia, ndani ya Cape Town yenyewe. Simon van der Stel, mtawala wa Cape enzi za Waholanzi, alipewa ardhi ile mwaka 1685, na pwani ya Muizenberg na Kalk Bay haiko mbali. Teksi za simu zinafika. Kwa wenye siku moja tu, msikimbilie kwingine.

Tano, kama lazima mwendeshe wenyewe: dereva mmoja kwa siku, tone sifuri, zamu zimeandikwa kabla ya kupanda ndege. Na geuzeni ratiba. Pwani kwanza, watu wakiwa na akili timamu. Pengwini wa Stony Point mkiwa njiani kwenda Hermanus. Mashamba mwishoni, na mlale huko huko mnakoonja.

Mashamba mawili kwa siku yanatosha, matatu ni mwisho. Mengi hufunga saa kumi au kumi na moja jioni, na kikundi kikubwa lazima kijiandikishe mapema. Nyangumi wa Walker Bay, ghuba ya Hermanus, huja kati ya Juni na Novemba, mavuno ya zabibu ni Januari hadi Machi, na hakuna kamati itakayovipata vyote viwili katika safari moja. Anayetaka nyangumi na hewa nzuri aende Septemba au Oktoba. Bahari ni baridi hata kiangazi, na upepo wa kusini-mashariki haubembelezi mtu. Wanaotoka Kenya na Uganda wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Michango ikusanywe yote kabla ya kulipa hoteli, siyo baada.

Mkiniandikia, anzeni na jina la anayeendesha. Barua yenye orodha ya mashamba sita na isiyo na dereva nitairudisha kwa mhazini bila bei.