Uvumi Wakati wa Mlipuko: Anayenyoshewa Kidole Hujificha, na Ugonjwa Hujificha Naye

Na Mwandishi Wetu, MAELEZO

Mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa, taarifa za wataalamu na uvumi huanza safari pamoja. Uvumi hutangulia kufika kwa kuwa hausubiri majibu ya maabara, na mara nyingi hubeba jina la mtu, familia au jamii ya kulaumiwa.

Mkoani Kagera, Serikali ilitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa Marburg Machi 21, 2023. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Juni 2, wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki dunia. Nguzo mojawapo ya udhibiti ni kuwafuatilia waliotangamana na wagonjwa. Kwa kuwa dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi, kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa afya yake kwa siku 21.

Kazi hiyo hutegemea ukweli wa mgonjwa na ndugu zake. Picha ya nyumba yao ikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa maneno kwamba "hawa ndio walioleta ugonjwa", jirani mwenye homa ataogopa kwenda kituo cha afya, na aliyeuguza atakana kumgusa mgonjwa. Kila jina linalofichwa ni mnyororo wa maambukizi usioonekana.

Lawama huwafikia hata waokoaji. Kaskazini mwa Msumbiji, uvumi umewahi kudai kuwa wanaotia klorini kwenye maji ndio wanaoeneza kipindupindu. Kwa Kireno majina ya vitu hivyo viwili yanakaribiana kimatamshi. Watumishi wa afya na viongozi wa vijiji walishambuliwa, ilhali klorini ndiyo kinga.

Virusi havichagui kabila, dini wala utaifa. Marburg huenea kwa kugusa damu au majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya aliyefariki kwa ugonjwa huo, na anayemhudumia mgonjwa bila kinga ndiye aliye hatarini zaidi. Anastahili msaada, si kutengwa.

Kabla ya kusambaza ujumbe, mwananchi ajiulize: nani amesema, lini, na amejuaje? Asipopata jibu, asiusambaze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha. Mwenye shaka au dalili apige simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.